Stika 200 za localhost:5173

Swali ambalo naulizwa sana na watu wanaoanza kuandika kodi si ati "nianze na lugha gani" ama "ninunue laptopu gani". Ni hili: "Bro, nimeandika npm run dev, seva imewaka, sasa nazima aje?" Kila wiki lazima liingie. Huwa nacheka kidogo, alafu nakumbuka stika, nanyamaza.

Wacha niwaambie kuhusu hizo stika.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, nilipata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Dada mmoja wa Rongai anaoka keki nyumbani kwake, za bathdei na harusi ndogo ndogo, na alitaka tovuti: picha za keki, bei, na kitufe cha kumfikia WhatsApp. Tukakubaliana 8,000 bob, nusu mbele nusu baadaye. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi miwili tu. Nilikuwa na laptopu ya ex-UK niliyonunua Luthuli, RAM 4GB, betri inakaa dakika 40 ukiwa na bahati, na keja ya bedsitter Kasarani ambayo kodi yake ilikuwa inaninyima usingizi. (Hiyo kodi ni ya nyumba. Ile nyingine ni ya kompyuta. Mtazitofautisha tu.)

Nilikesha usiku tatu. Saa nane usiku wa tatu ukurasa ukafunguka kwa brauza yangu, keki zimejipanga, kitufe kinafanya kazi, na mimi peke yangu kwa keja nikapiga makofi. Kwa terminali kulikuwa na mistari miwili:

Local: http://localhost:5173/
Network: use --host to expose

Nikakopi mstari wa kwanza. Wa pili niliuona, nikaupuuza, kwa sababu sikuuelewa, na kitu nisichoelewa saa nane usiku huwa nakihesabu kama mapambo. Nikamtumia: "Madam, tovuti yako iko tayari. Adresi ndiyo hiyo."

Asubuhi akajibu: "Haifunguki."

Nikamwambia azime data awashe tena. Akafanya. Haifunguki. Akajaribu kwa simu ya bwanake. Akajaribu kwa simu ya mfanyakazi wake. Haifunguki. Na mimi, mtaalamu wa miezi miwili, nikaandika maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natamani kuingia chini ya kitanda: "Hiyo ni netiwaki ya huko Rongai, madam. Kwangu inafunguka vizuri kabisa." Nikaambatanisha na skrinshoti kama ushahidi wa mahakamani.

Akasema: "Sawa basi. Wewe ndiye unajua."

Siku tatu baadaye akanitumia picha. Alikuwa ameenda River Road kuchapisha stika za kubandika kwa maboksi ya keki, 200, kila moja bob 10. Logo yake juu, ya waridi, imetoka poa sana. Chini yake kwa herufi kubwa: AGIZA KEKI YAKO: localhost:5173.

Nilijibu na emoji tatu za moto. Alafu, Mungu anisamehe, nikaweka hiyo picha kwa status yangu.

Haikupita dakika kumi. Rafiki yangu mmoja ambaye alikuwa atachi kwa ofisi ya IT akanipigia. Hakusalimu. "Buda, toa hiyo status. Toa saa hii. Alafu ukae chini nikuambie kitu."

Alichoniambia ni hiki, na ndicho nawaambia nyinyi kabla ya kitu kingine chochote. Neno localhost maana yake ni "hapa". Si jina la tovuti, si adresi ya mtu fulani, ni "hapa hapa kwa hii mashini". Mnajua vile mtu anakupigia, "Uko wapi?", na wewe unamwambia "Niko hapa"? Sasa yeye akiangalia "hapa" ya kwake, atakuona? Atajiona mwenyewe. Yule dada akiandika localhost kwa simu yake, simu inajitafuta yenyewe: kuna seva kwa hii simu? Hakuna. Basi haifunguki. Angeijaribu kwa simu elfu moja, kila simu ingejitafuta na kujikosa. Hata ile namba ya 127.0.0.1 mnayoiona wakati mwingine ni hiyo hiyo "hapa" imeandikwa kwa tarakimu.

Kwa hivyo netiwaki ya Rongai haikuwa na makosa. Ile tovuti haikuwa imewahi kutoka kwa keja yangu. Ilikuwa inaishi kwa ile laptopu ya dakika 40, na nikifunga kifuniko inalala.

Nilimpigia yule dada siku hiyo hiyo jioni. Nilitaka kutuma meseji, lakini rafiki yangu akasema mambo ya pesa za mtu hayatumwi kwa meseji. Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika. Alafu akauliza kwa sauti ya chini tu, "Kwa hivyo simu zangu hazikuwa na shida?"

"Hazikuwa, madam."

"Na ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Lakini uliniambia ni netiwaki yangu."

Hapo sikuwa na jibu. Kutojua si dhambi, kila mtu huanza na kutojua. Nilichofanya ni kumfanya mtu mwingine adhani yeye ndiye hajui. Tulikubaliana 2,000 za stika zitoke kwa nusu yangu iliyobaki. Tovuti nikaiweka mtandaoni wiki iliyofuata, akalipia jina lake la .co.ke, na ikafunguka kwa simu zote tatu. Hiyo sehemu ni stori ya siku nyingine.

Sasa tuingie kwa kazi.

Seva ni nini? Ondoa ile picha ya chumba chenye baridi na taa za buluu. Seva ni programu inayokaa ikisubiri kuulizwa. Kama mama mboga: anakaa kwa kibanda, wewe unakuja, unaomba sukuma ya 20, anakupa, anarudi kukaa. Brauza yako ndiyo mteja. Unapoandika npm run dev, unafungua kibanda kwa mashini yako mwenyewe. Ndiyo maana terminali inakaa hapo imekodoa macho na hairudishi ile laini ya kuandikia. Watu wengi wanadhani imehang. Haijahang. Iko kazini, inasubiri mteja, na itasubiri hivyo mpaka uiambie ifunge.

Na ile namba ya mwisho, 5173 ama 3000 ama 8000, ndiyo poti. Kama umewahi kununua viatu tauni, unajua yale majengo ya eksibishoni. Jengo ni moja, adresi ni moja, lakini ndani kuna vistoo vimepangwa: A12, B7, C14. Ukifika mlangoni bila namba ya stoo utazunguka mpaka ufungiwe ndani. Mashini yako ndiyo jengo, poti ndiyo namba ya stoo. Ziko nyingi, mpaka 65535, kwa hivyo nafasi si shida. Shida ni kwamba watu wawili hawawezi kufungua biashara kwa stoo moja kwa wakati mmoja. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Kila mtu ana stoo anayopenda. Miradi mingi ya Node hutumia 3000, Django na Laravel hutumia 8000. Ile niliyotumia mimi, Vite, walichagua 5173 kwa utani: 5 ni V ya Kirumi, 1 inafanana na I, 7 na T, 3 na E iliyogeuzwa. VITE. Yule dada wa keki alichapisha utani wa watu mara 200 bila kujua.

Kitu kimoja kizuri, na hiki nakisema kwa wale wa bando la 20 bob. Seva ya hapa haili data. Mara ya kwanza ukifanya npm install, hapo ndio utalia, kwa sababu inavuta vitu vingi kutoka kwa intaneti na folda ya node_modules inavimba kama mandazi. Fanya hiyo pale kuna waifai ya bure. Baada ya hapo unaweza kuzima data kabisa, uandike kodi mwezi mzima, urefreshi mara elfu, na hautakatwa hata senti, mradi ukurasa wako hauvuti picha ama fonti kutoka nje. Brauza na seva zinaongea ndani ya mashini moja. Mimi nilijifunza nusu ya ninachojua nikiwa na bando sufuri.

Kuzima sasa.

Rudi kwa ile terminali seva inawakia. Bonyeza Ctrl na C pamoja. Basi. Ndiyo hiyo. Hata kwa Mac ni Control, si Command. Ile laini ya kuandikia ikirudi, kibanda kimefungwa. Ukiwa kwa Windows wakati mwingine itakuuliza "Terminate batch job (Y/N)?", jibu Y uendelee na maisha. Na kama umezoea Ctrl+C ni kukopi, utaua seva yako mara nyingi kabla ya kuzoea. Unataka tu kukopi ile laini nyekundu umtumie mtu, pap, seva imekufa. Kwa terminali nyingi za Linux kukopi ni Ctrl+Shift+C.

Mimi sikujua Ctrl+C. Mimi nilikuwa mtu wa Ctrl+Z.

Sijui nani alinifundisha, nadhani ni video fulani niliangalia nusu. Nilikuwa nimeweka Linux kwa ile laptopu kwa sababu Windows ilikuwa inaifanya ipumue kama mgonjwa. Kila usiku nikimaliza, Ctrl+Z. Terminali inaniandikia:

[1]+ Stopped npm run dev

Stopped. Imeandikwa kabisa. Nani hangeamini? Laini ya kuandikia inarudi, nafunga kifuniko, nalala. Kesho naandika npm run dev tena, inasema poti 5173 inatumika, inahamia 5174 yenyewe. Sawa. Kesho kutwa 5175. Mimi nikadhani hiyo ni kawaida, kwamba kila siku ina namba yake kama tarehe. Nilifika 5181. Laptopu ikawa nzito mpaka nikibonyeza herufi inatokea baada ya sekunde mbili, na nikaanza kusema vile yule msee wa Luthuli aliniuzia mkebe.

Alafu kuna ile ya kutisha zaidi. Nikifungua localhost:5173, ukurasa haufunguki na pia haukatai. Kale kamviringo ka brauza kanazunguka tu. Kama seva ingekuwa imezimwa kweli, brauza ingeniambia mara moja imekataliwa kuunganishwa. Hii ilikuwa inazunguka mpaka chai inapoa.

Kumbe Ctrl+Z haizimi. Inagandisha. Programu bado iko, bado imeshika RAM yake, bado imeshika stoo yake, lakini imelala. Ni kama mwenye stoo amekaa ndani, mlango wazi, amesinzia juu ya kaunta: wewe unaingia, unaita, hakuna anayekujibu, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukodi hiyo stoo kwa sababu mwenyewe bado yuko. Neno Stopped hapo maana yake ni "imesimamishwa", na kusimamishwa si kufukuzwa kazi.

Na kwa sababu sikuwa nafunga terminali wala kuzima laptopu, nilikuwa na wenye stoo tisa wamelala.

Ukijikuta hapo, andika jobs. Itakuonyesha wote waliolala. Andika fg, yule wa mwisho anaamka na kuja mbele, alafu sasa mpige Ctrl+C. Rudia mpaka waishe. Mimi nilirudia mara tisa, na kila mara laptopu ilikuwa inapumua kidogo.

Kuna siku lakini hutapata ile terminali. Umeifunga vibaya, ama kihariri chako kimekwama, na seva imebaki yatima huko nyuma imeshika poti. Hapo unaona EADDRINUSE kwa nyekundu, maana yake tu ni kwamba stoo ina mtu. Kwa Linux na Mac uliza ni nani:

lsof -i :3000

Itakupa jedwali, na kwa safu ya PID kuna namba, tuseme 4821. Sasa kill 4821. Hiyo ni kumwambia kwa heshima: funga, panga vitu, toka. Mara nyingi anatoka. Akikataa kabisa ndio unatumia kill -9 4821, na hiyo si ombi tena, ni kumtoa alivyo, vitu vikiwa vimesambaa. Najua video nyingi zinaanza na -9. Msianze nayo. Kama programu ilikuwa katikati ya kuandika kitu kwa faili, umeikata mkono. Kwa Windows ni netstat -ano | findstr :3000, namba iko mwisho wa mstari, alafu taskkill /PID 4821 /F. Na angalia namba mara mbili. Niliwahi kukosea tarakimu moja nikaua brauza yangu yenye tabu 30.

Ukizima na kurudi kwa ukurasa, usishangae ukurasa bado uko pale. Kile unachoona kwa brauza kilishaletwa. Seva ikizimwa haikunyang'anyi sukuma uliyonunua jana. Refreshi ndio utaona.

Hiyo ya mwisho nilijifunza vibaya, na wacha niiseme kwa sababu niliahidi nafsi yangu nitaisema.

Disemba hiyo hiyo nilienda nyumbani Kitale. Hapa mnahitaji kujua kitu. Nikisema niliacha chuo, kuna watu wanasikia kama ujasiri, yule msee alijiamini akafuata ndoto yake. Haikuwa hivyo. Bakaa la karo lilinishinda, nikakosa mitihani, nikaacha kwenda. Na sikumwambia mathe. Mathe anauza mitumba sokoni, na kila mwezi alikuwa ananitumia 5,000 "ya shule". Septemba alituma. Oktoba alituma. Novemba alituma. Nilizipokea zote, nikalipa kodi ya ile keja, nikanunua bando. Kila mara nilikuwa naandika "Asante mum, Mungu akubariki."

Sista yangu wakati huo alikuwa Fomu Tatu, kichwa chepesi kuniliko. Jioni moja akaniuliza hizo koding zangu ni nini hasa. Nikaona nimwonyeshe tovuti ya keki kwa simu, lakini hakukuwa na bando, na nilitaka pia kujionyesha. Mathe alikuwa amemwachia simu. Tukawasha hotspoti ya ile simu, nikaunganisha laptopu, nikaandika hostname -I nikapata adresi yangu inayoanza na 192.168, alafu nikapiga amri moja niliyokuwa nimejifunza juzi:

python3 -m http.server

Hii ni seva ndogo inakuja na Python yenyewe. Inafungua poti 8000 na kugawa kila kitu kilicho kwa folda uliyosimama. Vite, mnakumbuka, hufungulia mlango "hapa" tu mpaka useme --host. Hii ya Python haina aibu hiyo. Yeyote mliye naye kwa waifai moja anaweza kuingia. Na terminali ukiifungua, unasimama wapi? Kwa folda yako ya nyumbani. Kama hakuna faili ya index.html hapo, inamwonyesha mgeni orodha ya folda zako zote kama menyu.

Sista akaandika ile adresi, ikafunguka, akafurahi mpaka akaruka. Nikamwonyesha folda ya keki, akacheka zile stika. Alafu nikakumbuka tumeishiwa na maziwa, nikatoka dukani. Seva nikaiacha inawaka.

Nilirudi baada ya kama dakika 20. Laptopu ilikuwa mezani, terminali wazi. Ile seva ya Python ina tabia moja: kila kitu mgeni anachofungua, inaandika. Mstari mmoja kwa kila ombi, na saa yake. Nikasoma nikiwa nimesimama na maziwa mkononi.

GET / 
GET /Downloads/
GET /Downloads/fee-statement.pdf

Kila moja na 200 mwisho wake, yaani amepewa alichoomba. Na katikati 404 moja ya ile picha ndogo ya tabu ambayo brauza huomba bila kutumwa. Sijui kwa nini naikumbuka hiyo 404.

Nikabonyeza Ctrl+C. Haraka, kama mtu anayefunga mlango nguo zikiwa zimeshaibiwa. Ikaandika "Keyboard interrupt received, exiting." Sista alikuwa jikoni. Hakugeuka.

"Huendi shule," akasema. Halikuwa swali.

"Umeona?"

"Imeandikwa hujarejista. Na hiyo faili imejishusha yenyewe kwa simu ya mathe. Iko hapo kwa Downloads."

Nikamwomba simu. Akanipa, lakini akaniangalia vile mathe huangalia mteja anayetaka kupunguziwa mara ya tatu. "Ukitaka ufute, futa. Mimi sijafuta na sitafuta. Lakini mathe akiniuliza sitamdanganya. Anaamka saa kumi usiku kwenda kuchukua bale, bro."

Sikufuta. Ningependa kusema ni kwa sababu nilikuwa mwema. Ukweli ni kwamba nilikaa na kidole juu ya hiyo faili kwa muda mrefu, na mathe akaingia.

Nilimwambia hapo hapo jikoni, akiwa anavua leso. Yote. Chuo, zile 5,000, keja, hata stika, kwa sababu nilianza kuongea na sikuweza kuacha. Aliketi. Akachukua sukuma akaanza kuchambua kama hajasikia. Majani kama kumi hivi.

"Tangu lini?"

"Septemba, mum."

"Septemba, Oktoba, Novemba. Elfu kumi na tano." Mathe hesabu yake haina kalamu. Akachambua tena. "Nilikopa za Oktoba kwa chama."

Hiyo sikuijua. Ningeijua vipi, sikuwa nimeuliza.

"Na huyo mama wa keki, stika zake ulilipa?"

"Nililipa, mum."

"Yote?"

"Yote. Elfu mbili."

Akatikisa kichwa kidogo. Hakunikumbatia, hakupiga kelele, hakusema amenisamehe. Alisema, "Huyo ulimjua miezi mingapi?" Alafu akaendelea na mboga yake. Tulikula kimya. Usiku nikiwa naenda kulala akaniita kutoka chumbani kwake. "Baba, hiyo kitu ya kutoa barua za watu, umeizima?"

"Nimeizima, mum."

"Nenda uangalie."

Nikaenda nikaangalia.

Za mathe nilimaliza kurudisha Juni, kidogo kidogo, ya kwanza ikiwa 1,500 tu. Yule dada wa Rongai bado ni mteja wangu, na zile stika hakutupa: alikata sehemu ya chini kwa makasi, akabaki na logo.

Sasa wewe uliyekwama. Ukinitumia tatizo la poti, tafadhali usinipigie picha ya skrini kwa simu, giza, nusu imekatwa na kidole. Kopi ile laini nyekundu yote, kwa Ctrl+Shift+C kama uko Linux, uniambie uko kwa mfumo gani na ulizima aje mara ya mwisho. Na kama uliandika python3 -m http.server kwa waifai ya hosteli na ukaenda kuoga, rudi kwanza uizime, alafu ndio uniandikie.